Njia Tulivu za Baiskeli Kuelekea Mpakani: Sehemu ya Tatu, Kutoka Mumias Hadi Busia

Tangu Kigali iandae mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika barani Afrika, swali ninaloulizwa kila mara hapa Kakamega ni hili: nasi tutaendesha wapi? Wanaouliza ni vijana waliomwona Tadej Pogačar wa Slovenia akipanda vilima vya Rwanda mbele ya umati uliofurika kandokando ya barabara. Wanatafuta njia ndefu ambako hakuna lori litakalowapigia honi mgongoni. Msomaji aliyefuata sehemu mbili zilizotangulia anajua tulivyotoka Khayega tukaingia Shinyalu hadi Isecheno, ubavuni mwa msitu, na kwa nini nilisisitiza safari ianze alfajiri kabla ya mvua ya alasiri. Leo tunageukia machweo.

Kutoka mjini Kakamega hadi Mumias ni kama kilomita 35, na kutoka Mumias hadi Busia hazifiki 60. Kakamega iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Busia yapata 1,200, kwa hiyo kwa jumla anayekwenda mpakani anateremka, ijapokuwa bonde la mto Nzoia na la mto Sio humdai jasho lake. Lami ipo, lakini simshauri mwenye baiskeli aing'ang'anie. Njia zetu ni barabara za murram zinazokatiza mashamba ya miwa, nyingi zikiwa zilipanuliwa kwa ajili ya matrekta baada ya kiwanda cha sukari cha Mumias kuanza kusaga 1973. Kampuni ilipoyumba, hadi Benki ya KCB ikaiweka chini ya msimamizi wa madeni 2019, matrekta yalipungua, na utulivu ukarudi pale ambapo wakulima walikuwa wanalia. Sifurahii hasara ya mkulima hata chembe. Naeleza tu jinsi barabara ilivyobaki tupu.

Hata hivyo utulivu huo una asili ya zamani kuliko miwa, na hapo ndipo naomba msomaji anipe subira. Karne ya 19, njia hii ndiyo iliyokuwa na msongamano. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilifika hapa Mumias, kwenye ikulu ya ufalme wa Wanga, wakati wa Nabongo, yaani mfalme, Shiundu, na wageni waliendelea kupaita Kwa Sundu hata baada ya mzee huyo kufariki na mwanawe Mumia kushika utawala. Mvumbuzi Joseph Thomson alipiga kambi hapo 1883. Askofu James Hannington alitoka hapo Oktoba 1885 akiwa na wapagazi hamsini, akauawa Busoga tarehe 29 ya mwezi huohuo. Waliofuata hawakuogopa, kwa sababu Mumias ilikuwa na kitu ambacho safari yoyote ya miguu haiwezi kukikosa: chakula kingi cha bei nafuu. Unga, maharagwe, kuku na ndizi vilinunuliwa kwa shanga na nguo, na mpagazi aliyetoka nyanda kavu akanenepa kidogo kabla ya kuendelea Buganda. Uislamu ulishika mizizi kupitia wageni hao, na Mumia mwenyewe akasilimu. Mtu akiendesha leo akasikia adhana ya Mumias ikivuka mashamba, anasikia mabaki hai ya misafara ile.

Kisha Waingereza wakataka magari ya kukokotwa na ng'ombe yapite. Kapteni Sclater alianza kazi 1895, akaichonga barabara kutoka Kibwezi hadi Busia. Fikirieni ushupavu huo! Wakati huo Mumias ilikuwa bado Uganda. Mpaka uliopo sasa ulitokana na uamuzi wa 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki kwa kalamu tu, bila kuwauliza Wasamia wala Iteso ambao mstari ungewagawa nusu huku nusu kule. Miezi michache kabla, Desemba 1901, reli ilikuwa imefika Kisumu. Shehena zikapanda treni na meli, na barabara ya Sclater ikaanza kuota nyasi. Mwaka 1920 makao ya utawala nayo yakahamishwa kutoka Mumias yakaletwa Kakamega. Nabongo Mumia aliishi hadi 1949, akaona njia iliyolifanya jina lake kujulikana London ikiwa ya watu wa sokoni tu.

Watu wa sokoni ndio walioipa baiskeli. Miaka ya 1960, kati ya lango la Kenya na lango la Uganda pale Busia, msafiri aliyeshuka basi alitembea na mizigo yake juani, kwa kuwa gari lisilo na karatasi halikuruhusiwa kuvuka. Vijana wa baiskeli wakaiziba nafasi hiyo, na bodaboda ikazaliwa miaka mingi kabla ya pikipiki. Itazameni vizuri baiskeli ya kazi hiyo, maana zimebaki chache. Karia imeunganishwa kwa vyuma vya ziada vilivyochomewa na fundi wa kijijini, juu yake mto wa sponji uliofunikwa plastiki yenye shada pembeni, chini vyuma viwili vya abiria kukanyagia. Mpira wa ndani uliochakaa hukatwa vipande virefu vya kufungia gunia. Haina gia. Kupanda mlima, dereva hushuka na kusukuma, na abiria mwenye adabu hushuka pia.

Baiskeli hizo zilibeba na magendo, nisifiche. Baridi ya Brazil ya 1975 ilipoharibu mikahawa na bei ikaruka duniani, kahawa ya Uganda ilivushwa usiku hadi Chepkube, kwenye miteremko ya Elgon. Uhispania nayo ina mpaka wake wa namna hii: wakati wa utawala wa Franco, wanakijiji wa Extremadura walibeba kahawa migongoni kutoka Ureno, gizani. Siku hizi vijia vile vya magendo vinatembelewa na wageni, na tangu 1993 nchi hiyo imekuwa ikigeuza reli zilizokufa kuwa njia za baiskeli na miguu. Wametunza kile ambacho sisi tunakidharau.

Naam, tunakidharau. Serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo 2008, kijana aliyekuwa na baiskeli akaonekana hana maendeleo. Akachukua mkopo, akaingia deni la petroli na vipuri, na wodi zetu za mifupa zinajua mwisho wake. Mzee akiendesha baiskeli kwenda kanisani watu humhurumia. Hiyo ni aibu ya bure, nasi walimu na wazazi ndio tulioifundisha.

Kuhusu barabara zenyewe, nina ombi moja. Katiba ya 2010 imezipa kaunti barabara zake, na nyingine za mashambani ziko chini ya KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini. Zinapowekewa lami, mtaro huchimbwa pale pale lami inapoishia, bila ukingo wowote. Mwenye baiskeli akipitwa na matatu ana mahali pawili tu: mbele ya bampa au ndani ya mtaro. Mita moja na nusu ya murram iliyoshindiliwa, upande wa pili wa mtaro, yatosha, mradi iandikwe kwenye michoro kabla ya mkandarasi kulipwa. Nendeni kwenye mikutano ya bajeti ya kaunti mkaliseme hilo, tena kwa jina la barabara na la daraja.

Kwa atakayeendesha wiki hii: vuka Nzoia mapema, pumzika Nambale, na ukikaribia Busia iepuke barabara ya kutoka Kisumu, maana ijapokuwa kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa 2018, trela bado hujipanga huko. Beba kitambulisho na pampu. Sehemu ijayo tutashika upande wa kusini, kutoka Butere hadi Port Victoria.