Joto, si tarehe pekee, huamua uhai wa chakula cha wanajeshi

MWANAJESHI aliye vitani hana jiko, hana jokofu wala duka la kukimbilia. Mlo wake ukiharibikia mkobani, njaa au ugonjwa huweza kumwangusha kabla ya adui kumfikia. Ndiposa majeshi hugharimika sana kuhakikisha kwamba chakula kilichopikwa leo kitalika salama miaka kadhaa baadaye.

Juhudi hizi si za jana. Mnamo 1810, Mfaransa Nicolas Appert alituzwa faranga 12,000 na serikali ya nchi yake kwa kubuni mbinu ya kuhifadhi chakula kwa kukifunga ndani ya chupa na kuichemsha. Mikebe ya bati ilifuata, na kwa zaidi ya karne moja ikawa ndiyo ghala la askari. Hata hivyo, mikebe ilikuwa mizito na ilishika kutu.

Katika mwaka wa 1981, jeshi la Marekani lilianza kuwapa askari wake mlo wa pakiti unaojulikana kama MRE, ambao ulichukua nafasi ya mikebe. Kila mlo huwa na wastani wa kalori 1,250.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mfuko wa chakula hicho huonekana kama karatasi tu, kumbe umeundwa kwa matabaka kadhaa yaliyogandishwa pamoja. Tabaka la nje ni plastiki ngumu inayostahimili misukosuko. Katikati mna aluminiamu inayozuia hewa, mwanga na unyevu. Tabaka la ndani, linalogusana na chakula, ni plastiki inayoweza kuzibwa kwa joto.

Chakula hutiwa mfukoni, mfuko ukazibwa, kisha ukapikwa kwenye mtambo wenye shinikizo kwa joto la takriban nyuzi 121 za Selsiasi. Joto hilo huua hata bakteria sugu zinazosababisha sumu ya botulizimu. Kwa kuwa mfuko ni mwembamba, joto hufika katikati upesi kuliko kwenye mkebe, hivyo chakula hakiivi kupita kiasi.

Baada ya hapo, adui mkuu wa chakula hicho huwa ni joto la ghala. Mlo uliohifadhiwa katika nyuzi 27 hutarajiwa kudumu angalau miaka mitatu. Joto likifika nyuzi 38, muda huo hupungua hadi miezi isiyotimia mwaka. Si kwamba viini hufufuka, la hasha. Ni kwamba joto huharakisha kuharibika kwa vitamini, mafuta huchacha, nayo ladha na rangi hubadilika.

Kwa sababu hiyo, tarehe pekee haitoshi. Mlo huo hupigwa muhuri wa tarakimu nne. Kwa mfano, 3045 humaanisha siku ya 45 ya mwaka unaoishia na 3, yaani Februari 14, iwe ni ya 2013 au 2023. Nambari hiyo hueleza siku ya kupakiwa, wala haisemi iwapo katoni ililala kivulini au juani.

Ili kuziba pengo hilo, katoni hubandikwa kibandiko chenye duara ndani ya duara. Duara la ndani huzidi kukolea rangi kadiri joto na muda vinavyoongezeka. Likikolea kuliko la nje, chakula hicho hupaswa kukaguliwa kabla ya kugawiwa.

Hatari kubwa zaidi ni mfuko uliotoboka au kufura, kwani viini huweza kuwa vimeingia. Chakula cha aina hiyo hutupwa bila kuonjwa, maana sumu ya botulizimu haina harufu wala ladha.

Kanuni hiyo haiwahusu askari pekee. Anayenunua nyama ya mkebe dukani naye hana budi kutazama hali ya mkebe na mahali ulipohifadhiwa, kisha ndipo asome tarehe.