Figo Iliyokataliwa Usiku

Simu inaita saa tisa usiku. Daktari wa zamu anaambiwa figo imepatikana: aliyeitoa amefariki akiwa na miaka 62, alikuwa na presha, na figo imeshakaa kwenye barafu kwa saa 18. Anakataa. Mgonjwa aliyepangiwa figo hiyo amelala kwake, mara nyingi hata haambiwi, na kukicha anarudi kwenye mashine ya kusafisha damu.

Ndivyo ilivyo Marekani, na ndiyo maana nawasihi ndugu zetu walioko huko wanaotafuta hospitali ya kupandikizwa figo: msiangalie tu wangapi wako hai mwaka mmoja baada ya upasuaji. Kipimo hicho ndicho kilichowatia madaktari woga. Kwa kanuni za 2007, hospitali ingeweza kunyimwa malipo ya Medicare, bima ya afya ya serikali, iwapo vifo, au figo zilizoshindwa ndani ya mwaka, vilizidi mno makadirio. Upasuaji ulioharibika uliingia kwenye hesabu hiyo; figo iliyokataliwa haikuingia. Utafiti wa 2019 ulitazama waliowahi kupangiwa figo kisha wakafariki au kuondolewa orodhani bila kupandikizwa: nusu yao walikuwa wamepangiwa figo 16 au zaidi. Kumi na sita!

Sharti lile la kuendelea na Medicare liliondolewa 2019. Tangu Julai 2025, hospitali 103 zimo kwenye mpango uitwao IOTA: zikipandikiza wengi na kukubali figo zaidi zaweza kuongezwa hadi dola 15,000 kwa kila mgonjwa wa Medicare aliyepandikizwa, zikizembea, hutozwa hadi dola 2,000. Ulizeni kama yenu imo.

Tuseme hospitali ya jirani ina wazima 98 kwa 100 baada ya mwaka, na ya mji wa pili ina 96 lakini inapandikiza haraka maradufu. Mzee wangu wa miaka 65 ningempeleka ya pili bila kusita, kwa sababu miaka ya kungoja kwenye mashine ni hatari kuliko tofauti hiyo ndogo. Kijana wa miaka 25 mwenye ndugu wa kumtolea figo ana nafasi ya kuchagua. Tovuti ya SRTR, rejista ya taifa ya upandikizaji, inaonyesha vipimo vyote viwili, bure.

Kuhama hakukupotezei foleni, kwani ukiwa kwenye mashine, muda wa kusubiri huhesabiwa tangu ulipoanza kusafishwa damu. Mfuko ndio utakaoumia: nauli, malazi ya msindikizaji, siku za kazi, na asilimia 20 ya ada za madaktari ambayo Medicare haigusi kama huna bima ya nyongeza.

Kuna pia karatasi moja ambayo wengi huiruka. Figo zenye alama ya KDPI (kadiri inavyopanda, ndivyo figo inavyotarajiwa kudumu muda mfupi) inayozidi 85 hazitolewi kwa mgonjwa ambaye hajasaini kuzikubali. Mwambie mratibu akuletee fomu hiyo siku ya kwanza, akueleze hospitali yao ilipandikiza ngapi za namna hiyo mwaka uliopita.