Je, Wajua? Sushi Nzuri Ipo Hata Kwenye Bustani ya Burudani

Katika Walt Disney World, Florida, nchini Marekani, sushi nzuri utaipata ghorofa ya 15 ya hoteli ya Contemporary, iliyofunguliwa 1971 pamoja na Disney World yenyewe. Huko juu mgahawa wa California Grill umekuwapo tangu 1995, na fataki za usiku huonekana dirishani. Ndani ya EPCOT, mojawapo ya bustani za Disney World, migahawa ya upande wa Japani huendeshwa na Mitsukoshi, kampuni iliyoanza 1673 kama duka la nguo mjini Edo, Tokyo ya leo.

Kabla ya kumsifu samaki, onja wali. Jina sushi linahusu wali uliotiwa siki, wala si samaki mbichi kama wengi tunavyodhani. Wali mzuri una uvuguvugu wa kiganja, na punje zake hushikana bila kuwa bonge. Ukiwa baridi na mgumu, umetoka kwenye friji; mimi singeuagiza tena.

Orlando, mji ulio karibu na Disney World, uko mbali na pwani, lakini usihofu: samaki wengi wa kuliwa wabichi hugandishwa kwanza, kwa mfano nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, ili minyoo ife.