Magari Mawili Yaliyo Sawa: Mlima Ndio Hakimu

Kununua gari ni jambo ambalo familia nyingi za watumishi hulifanya mara moja au mbili maishani, na deni lake huendelea kukatwa mshaharani muda mrefu baada ya furaha ya siku ya kwanza kupoa. Askari au polisi anayekopa katika ZIGAMA, chama cha akiba na mikopo kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya watu wa majeshi na usalama wa Rwanda, huahidi sehemu ya mshahara ambao bado hajaupata. Karo za watoto na maradhi ya wazazi havitamsubiri amalize kulipa. Kwa hiyo siku ya kulijaribu gari barabarani si siku ya matembezi. Ni siku ya kazi.

Katika yadi za magari mjini Kigali mnunuzi hukuta Toyota RAV4, Hyundai Tucson, Kia Sportage na Volkswagen Tiguan. Yote ni magari ya familia yenye umbo la jipu, na kwa ukubwa hayapishani sana. Tucson na Sportage hutoka katika kundi moja la viwanda vya Korea Kusini, na chini ya bati zake hushirikiana mambo mengi. Si ajabu basi mke na mume wakiendesha magari mawili kwa zamu, kisha wakarudi nyumbani na kauli moja tu: yote ni mazuri. Kauli hiyo haimsaidii mtu anayetaka kutia sahihi. Aghalabu hutokea kwa sababu magari yamejaribiwa mahali ambapo hayawezi kutofautiana: dakika kumi, juu ya lami laini ya Kimihurura, watu wawili ndani, na muuzaji akizungumza bila kupumzika.

Kabla ya kushika ufunguo

Nchini Rwanda magari hupita upande wa kulia, na usukani wa gari la nyumbani sharti uwe kushoto. Ndugu aliye Kampala au Mombasa anaweza kusifu gari la bei nafuu lililotoka Japani, lakini huko watu hupita kushoto, na gari la usukani wa kulia halitamfaa mkazi wa Kigali. Hii ni sababu mojawapo inayofanya magari yaliyotumika ya Korea Kusini, nchi ipitayo kulia kama Rwanda, yapendwe hapa.

Ushuru nao una neno lake. Magari ya mseto, yaani yale yaendayo kwa petroli na umeme pamoja, yalisamehewa kodi kadhaa mwaka 2021. Mwaka 2025 msamaha huo ukapunguzwa, na umri wa gari ukawa jambo la kuangaliwa katika ushuru. Bei ya kulinganisha, basi, ni ile ya gari likiwa tayari limelipiwa kila kitu na kufungwa namba za Rwanda, wala si bei ya bandarini.

Siku moja, njia moja, mzigo mmoja

Kosa kubwa la wanunuzi ni kulijaribu gari la kwanza Jumamosi hii na la pili Jumamosi ijayo. Kumbukumbu ya mwili ni fupi. Baada ya wiki moja hubaki rangi na harufu ya viti tu. Yafaa magari yote mawili yaendeshwe siku moja, katika njia ileile, yakiwa na watu walewale. Tena, gari la pili hupendelewa mara nyingi kwa sababu dereva amekwisha kuchangamka. Dawa yake ni kurudia gari la kwanza kwa muda mfupi baada ya kushuka katika la pili.

Mlima

Kigali iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika kila saba. Injini ya kawaida huivuta hewa hiyo kama ilivyo, nayo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyohiyo: injini iliyoandikwa nguvu za farasi 150 hutoa hapa kama 130. Injini yenye turbo, ambayo husukumiwa hewa kwa nguvu ya moshi utokao, hupoteza kidogo tu, na mota ya umeme haijali wepesi wa hewa. RAV4 ya mseto ya miaka ya karibuni hutumia injini ya lita 2.5 isiyo na turbo ikisaidiwa na umeme, hali Tucson na Sportage za mseto hutumia injini ya lita 1.6 yenye turbo. Anayelinganisha tarakimu za kijitabu peke yake hulinganisha magari yaliyopimwa kwa hewa ya mahali pengine.

Kwa hiyo gari lipelekwe mlimani. Njia ya Musanze, kutoka Giti cy'Inyoni kupanda Shyorongi, inatosha kuwa hakimu. Watu wazima wanne wakae ndani. Dereva asikilize kama injini inanung'unika, na kama gia zinabadilika ovyo kana kwamba gari limepotewa na shauri. Mahali panaporuhusiwa, asimame katika mwinuko kisha aondoke tena. Magari yaliyolingana Kimihurura huanza kuachana hapa.

Mteremko

Kupanda hupima injini. Kushuka hupima usalama wa waliomo. Wakati wa kurudi, dereva ashushe gia na kuona kama gari linajizuia lenyewe au linataka breki kila wakati. Breki ikivuta upande mmoja, ikitetemesha usukani au ikitoa harufu ya kuungua, gari lililotumika limekwisha kujieleza. Katika barabara zilizojaa kamera za mwendo, ambazo wakazi huziita Sofia, gari linaloshikilia mwendo wake mteremkoni humwokolea mwenyewe fedha na jasho.

Udongo na mvua

Umbo la jipu halimaanishi kwamba magurudumu yote manne yanavuta. Gari la jina moja huuzwa kwa namna mbili, jingine likivuta kwa magurudumu mawili ya mbele tu, na tofauti hiyo haionekani kwa nje. Yafaa ihakikishwe katika karatasi za gari na chini ya bati lake. Familia ambayo nyumba yake iko mwisho wa njia ya udongo yenye mwinuko italitambua jambo hili mvua za Machi hadi Mei zitakapoanza. Familia ambayo njia yake yote ni lami haina haja ya kulipia mvuto ambao hautatumika. Matairi mazuri yataifaa zaidi.

Nyumba nzima ipande

Gari la familia haliamuliwi na dereva mmoja. Mke na mume waendeshe wote wawili. Bibi ajaribu kupanda na kushuka bila kuvutwa mkono. Kiti cha mtoto kifungwe na kufunguliwa. Buti lipimwe kwa magunia na mabegi yanayobebwa kweli wakati wa kwenda shamba. Gari lirudishwe nyuma kuingia katika lango la nyumbani, maana kona ya ukuta haijali sifa za kiwanda. Tairi la akiba litafutwe pia: magari mengi ya siku hizi hutoka kiwandani na kitairi chembamba, au na dawa ya kuziba tundu peke yake.

Karatasi ya alama

Kila mmoja awe na karatasi yenye mistari sita: mlima, mteremko, udongo, viti, mzigo, na kuona nje. Kila mstari upewe alama 1 hadi 5, pasipo kuonyeshana hadi mwisho. Chukua mfano wa afisa wa polisi anayekaa Kanombe, ambaye mkewe ni muuguzi wa zamu za usiku. Mume atalipa gari la kwanza alama 5 za mlima. Mke, anayerudi alfajiri peke yake, atalipa alama 2 za kuona nje, kwa kuwa nguzo ya nyuma humficha mwenda kwa miguu. Bila karatasi, sauti ya injini ingalishinda. Kwa karatasi, wawili hao wana jambo la kuzungumza kabla ya kukopa.

Alama zikilingana

Yamkini hata baada ya kazi yote hiyo magari yakapishana kwa alama moja au mbili. Hapo barabara imemaliza ushahidi wake, na kuendelea kuyaendesha ni kupoteza petroli. Uamuzi uhamie kwa fundi. Aulizwe ni vipuri vya gari lipi vipatikanavyo Kigali bila kuagizwa ng'ambo, na kwa bei gani: pedi za breki, springi, taa ya mbele, na kwa gari la mseto, betri yake kubwa. Kisha gari liinuliwe na kukaguliwa na fundi asiyemjua muuzaji. Mwisho, mkato wa mkopo uwekwe kando ya karo na chakula cha mwezi, na gari ambalo mkato wake unaacha akiba ndilo lichukuliwe.

Kutafuta gari la tatu, la nne na la tano hakutaleta lililokamilika. Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma. Familia iliyopanda mlima, ikashuka, ikaandika alama na kumsikiliza fundi imetimiza wajibu wake, na inaweza kutia sahihi kwa moyo mtulivu.