Unasema Unaweza Wacha Ngwai Saa Yoyote? Hivi Ndivyo Ubongo Wako Unafanya

Kila base mtaani haikosi ule msee wa kusema, "Mimi naweza wacha ngwai hata leo." Shida ni kwamba hiyo leo haifikangi. Wiki hii kodi imemkalia kichwani, wiki ijayo kuna beshte ana bash. Je, kichwa chake kina tofauti na cha yule hupuliza mara moja moja?

Kinachokupandisha stima ni THC. Ikifika kwa ubongo inajishika kwa vipokezi vinaitwa CB1. Viko vingi kwa hipokampasi, mahali kumbukumbu hutengenezwa, na kwa amigdala, mahali pa hofu na hisia.

Mwaka wa 2008, watafiti wa Melbourne, Australia, walipiga picha vichwa vya wanaume 15 waliovuta zaidi ya misokoto 5 kila siku kwa zaidi ya miaka 10. Hipokampasi zao zilikuwa ndogo kwa asilimia 12 kuliko za wasiovuta. Amigdala zilikuwa chini kwa asilimia 7.

Lakini usikimbie kusema ngwai inaozesha ubongo. Mwaka wa 2015, huko Marekani, walilinganisha ndugu wa familia moja, mmoja amewahi kuvuta, mwingine hajawahi. Amigdala zao zilikuwa karibu sawa. Kumbe zingine ni za kurithi tu.

Halafu 2017 watafiti wakatenganisha waliotekwa na wale wa kujibamba tu. Sehemu za hipokampasi zilizopungua zilikuwa za waliotekwa. Hiyo haisemi gani ilitangulia, lakini inaonyesha swali la kujiuliza: si kama unavuta, ni kama unaweza kukosa.

Ukivuta kila siku, ubongo unapunguza hivyo vipokezi. Ndio maana msokoto mmoja haukushiki tena kama zamani. Siku ukiwacha, arosto inaingia: usingizi unapotea, chakula hakishuki, kila mtu anakukasirisha. Wiki ya kwanza ndio noma zaidi, na hapo ndipo wengi hurudi.

Sasa sikia hii. Vipokezi huanza kurudi ndani ya siku 2 tu, na kwa karibu wiki 4 picha zinaonyesha vimekaribia kawaida. Kwa hivyo ile hasira ya siku ya tatu si ishara umeshindwa. Ni ubongo unajirekebisha.

Ukiona ni ngumu peke yako, piga 1192 ya NACADA, ni bure. Na kama ni beshte yako, usimcheke akijaribu. Kaa na yeye hiyo wiki ya kwanza.