Nguruwe pori wa Ujerumani bado wana mionzi: Je, wa Kabuku tuogope?

Kwa mkulima wa mahindi wa Kabuku, wilayani Handeni, nguruwe pori ni mwizi tu. Anaingia usiku, asubuhi unakuta shamba limelala chini.

Kusini mwa Ujerumani mnyama wa jamii hiyo ana kesi nzito zaidi: nyama yake ina mionzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 na wanasayansi wa Austria na Ujerumani ulipima sampuli 48 za nguruwe pori wa jimbo la Bavaria. Asilimia 88 zilizidi kiwango kinachoruhusiwa nchini humo, yaani bekereli 600 kwa kilo. Bekereli moja maana yake ni atomu moja inayovunjika kila sekunde.

Mshukiwa wa kwanza ni ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Aprili 26, 1986. Upepo ulisambaza vumbi lake Ulaya, mvua ikalishusha ardhini. Ndani yake kulikuwa na seziamu-137, ambayo huchukua takribani miaka 30 kupungua nusu.

Lakini kumbe si Chernobyl peke yake. Utafiti huo ulionesha kuwa majaribio ya mabomu ya nyuklia ya karne iliyopita nayo yamo katika nyama hiyo, kati ya asilimia 12 na 68 kutegemea sampuli.

Kwa nini msituni?

Shambani, udongo wa mfinyanzi huishika seziamu, mazao yakapata kidogo. Msituni hakuna jembe. Majani yanaanguka, yanaoza, mizizi na uyoga vinanyonya tena kilekile. Kwa mmea, seziamu inafanana na potasiamu, hivyo inapokelewa kama mgeni wa kawaida.

Nguruwe ndiye anayeumia zaidi kwa sababu ya pua yake. Anafukua aina ya uyoga unaoota chini ya ardhi, na seziamu inayozama taratibu sana ndiyo kwanza inaufikia. Ndiyo maana mionzi kwa paa wa huko imeshuka, kwa nguruwe bado.

Moto wa jiko hauui mionzi. Kuchemsha na kumwaga maji hupunguza seziamu, kwa kuwa inayeyuka. Kukausha nyama kunafanya kinyume: maji yanatoka, seziamu inabaki, kipimo kwa kilo kinapanda.

Tanzania je?

Kabuku haina mgodi wa urani wala kinu cha nyuklia, na Chernobyl iko maelfu ya kilomita kutoka hapa. Chakula kinachotoka nje ya nchi hupimwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC).

Pa kutazama ni kusini, Namtumbo mkoani Ruvuma, kwenye mradi wa urani wa Mto Mkuju. Mwaka 2012 UNESCO iliridhia mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe ili eneo la mradi litoke kwenye urithi wa dunia. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio huko.

Urani si seziamu. Yenyewe ilikuwamo ardhini tangu zamani, ila ikichimbwa na kusagwa, vumbi na maji ya mabaki yanaweza kufika mtoni, kwenye nyasi, kisha kwa wanyama na samaki. Kwa hiyo swali la kuuliza kule ni jepesi: maji, samaki na nyasi vilipimwa kabla ya kuchimba, na vitaendelea kupimwa mara ngapi?

Kwa Kabuku, mvua zikinyesha, uyoga wa kuogopa ni uleule bibi aliokataza kuchuma. Huo una sumu yake wenyewe, haihitaji nyuklia.