Gramu Moja Kisimani: Miji ya Denmark na Dawa za Magugu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona namna mvua inavyosomba viuatilifu kutoka mashambani hadi mitoni. Leo tuingie mjini. Mkulima amezoea kubebeshwa lawama zote, ilhali ipo sumu iliyofika majini kwa mikono ya vibarua wa halmashauri waliotumwa kusafisha vijia ili watu wapite.

Denmark inatufaa kwa somo hili kwa sababu karibu maji yake yote ya kunywa hutoka ardhini. Huvutwa visimani, hupitishiwa hewa, huchujwa kwa mchanga, kisha huenda bombani, kwa kawaida bila klorini. Wenyeji hujivunia maji hayo, na wana haki. Lakini utaratibu mwepesi hivyo una sharti lake: kemikali iliyoyeyuka na kupenya hadi kisimani haizuiwi na mchanga, itanywewa.

Kuanzia miaka ya 1960 iliuzwa huko dawa ya magugu iitwayo diklobenili. Ilikuja kama chembechembe za kumwaga, nayo ilipendwa mahali pasipotakiwa jani hata moja: nyuani, kwenye maegesho, kwenye vijia vya kokoto. Ikishafika udongoni huvunjika na kuacha mabaki yanayojulikana kwa kifupi kama BAM. Mabaki hayo hayanati kwenye udongo. Huteremka pamoja na maji, na yakishafika chini hukaa kwa miongo.

Hapo ndipo hesabu ya kilo inapotudanganya. Mashamba hutumia dawa nyingi kuliko miji, hilo halina ubishi. Ila shamba lina udongo wa juu wenye mboji, na ndani ya mboji wamo bakteria wanaoivunja sumu nyingi kabla haijazama. Kijia cha kokoto kimeondolewa udongo huo makusudi ili kisifanye tope. Kwenye lami na zege ni vilevile: dawa haina pa kushika, mvua ya kwanza huisukumia mferejini, na mfereji wa maji ya mvua mara nyingi humwaga mtoni bila kusafishwa. Sasa ongeza kipimo cha Umoja wa Ulaya, kinachoruhusu mikrogramu 0.1 ya kiuatilifu kimoja katika lita ya maji ya kunywa. Piga hesabu mwenyewe: gramu moja tu inatosha kuzifikisha lita milioni 10 kwenye kikomo hicho. Wapo wanaosema kikomo kiliwekwa kwa tahadhari tu, si kwa madhara yaliyopimwa. Ni kweli. Lakini maji ya chini ya ardhi yakishachafuka huchukua vizazi kujisafisha, na kwa mali ya namna hiyo mimi nakubaliana na tahadhari.

Diklobenili ilipigwa marufuku mwaka 1997. Visima vingi vya maji ya kunywa vilifungwa kwa ajili ya BAM, na kwa miaka mingi baada ya marufuku bado mabaki hayo yaliongoza orodha ya yaliyogunduliwa katika maji ya ardhini.

Mwaka 1998 wizara ya mazingira ilikubaliana na serikali za mitaa kwamba viuatilifu viondolewe kwenye ardhi ya umma ifikapo mwaka 2003. Yalikuwa makubaliano, si sheria, na bado matumizi yalishuka sana. Sababu si ngumu kuiona. Mji ndio mwenye ardhi, ndio mwajiri, ndio mnunuzi wa dawa. Hauhitaji kumbembeleza mtu.

Kazi ilikuwa baadaye, maana magugu hayasomi makubaliano. Yalijaribiwa moto wa gesi, mvuke, maji ya moto na brashi za chuma. Moto huunguza majani ukaiacha mizizi, hivyo lazima urudiwe mara kadhaa kwa msimu. Brashi hula sakafu na kupanua nyufa ambamo magugu mapya huota. Gharama ilipanda, tusifichane. Miji iliyofanikiwa ilianza kuyapanga maeneo kwa daraja: uwanja wa mbele ya ukumbi wa mji upaliliwe vizuri, kichochoro cha nyuma ya maghala kivumiliwe na nyasi zake. Vilevile ikatazama ramani za ujenzi, kwa kuwa kila kiungo cha mawe kilicholegea na kila nguzo iliyosimikwa katikati ya njia ni kitalu cha magugu. Kwangu hili la ramani lina uzito kuliko mashine zote.

Milango michache iliachwa wazi. Relini dawa iliendelea kupuliziwa kwa usalama wa treni, na kuna mmea mmoja mkubwa wa kigeni ambao utomvu wake huunguza ngozi juani. Huo nao uliruhusiwa kupigwa dawa palipokosekana njia nyingine.

Wiki ijayo tutavuka kwenda Ufaransa, ambako sheria ilifunga bustani za umma mwaka 2017 na za nyumbani mwaka 2019, lakini makaburi yakasubiri hadi 2022.